Mashine Inabeba Simu Nane, Mimi Ni wa Tisa

Ijumaa, jioni. Leo upepo wa Isiolo umeleta vumbi mpaka ndani ya sufuria, na moyo wangu umechafuka hivyo hivyo.

Binti yangu Fatuma anafanya kazi ya nyumba Uarabuni. Tajiri wake anampa simu Ijumaa pekee, lisaa limoja baada ya swala. Hapo ndipo namwona uso. Nambari asiyoijua hashiki, amekatazwa. Huu ukurasa alinifungulia yeye, ati niandike nipunguze kuwaza. Maandishi yanapita kwa bando ya simu, lakini video kwetu inakatika akisema tu "Mama". Ndiyo maana tukaweka wifi.

Ijumaa iliyopita sikumwona. TV inashika, simu za majirani zinashika, yangu inazungukazunguka halafu inakataa. Wiki nzima nimezima, nimewasha, nimeandika password herufi moja moja kama mtoto wa nasari. Hata dua nimeisomea. Kumwandikia sikumwandikia, nikidhani itapona kabla ya Ijumaa.

Leo asubuhi nikaita fundi. Akaangalia mashine ya wifi, akacheka.

"Mama Fatuma, hii mashine inabeba simu nane, na TV ikiwa juu inahesabiwa. Wewe ni wa tisa! Umealika watu arusi mpaka bibi arusi amekosa kiti."

Ni kweli. Password niligawa mwenyewe. Jirani amekuletea maziwa, amekaa chai, ameuliza. Utamnyima aje? Si ni kama kumnyima maji?

Fundi alitaka kubadilisha password, wote watoke. Nikamwambia, ngoja kwanza. Nikibadilisha, nitampa nani, nimwache nani?

Saa ya Fatuma ilipofika nikazima TV nichukue nafasi yake. Kabla sijashika simu, mtu mwingine ashaingia kwa wifi.

Basi nikatoka nje niwaambie. Wallahi nilikuwa nimejipanga na maneno. Jirani yangu Mama Ekai alikuwa kwa ukuta wangu, amekalia mkeka wangu, anaongea kwa video na kijana wake aliye kazini Lodwar. Huyu Mama Ekai ndiye alilala sakafuni hospitali akinichunga nilipopasuliwa.

Akasogea. "Kaa hapa, dada. Msalimie mtoto wako, ona vile amenona!"

Nikakaa. Nikamsalimia. Hata nikacheka.

Lisaa langu likaishia kwa huo mkeka.

Nilipowasha bando nikapata Fatuma ameniachia ujumbe: "Mama, Ijumaa mbili sasa. Kwani nimekukosea?"

Nimemjibu hajanikosea kitu, ni mashine. Lakini simu yake ishachukuliwa. Hatasoma mpaka Ijumaa ijayo. Siku zote hizo mtoto wangu ataosha vyombo vya watu akifikiri mama yake amemkasirikia.

Na Mama Ekai ameniitia chai kwake kesho asubuhi.

Nitaenda. Nitamwambia. Lakini nianze na neno gani?