Kwa Seif, Kuhusu Kompyuta Zenye Saa Iliyokufa

Mdogo wangu Seif,

Marahaba. Najua hukuniamkia. Ujumbe wako wa juzi ulikwenda kwa watu wote wa mradi, na huko kwenu ng'ambo naona shikamoo haina pa kukaa, basi nimeitikia hivyo hivyo. Nakujibu hapa hapa, mbele ya watu, kwa sababu hapa ndipo ulipoandika kwamba ile nyongeza yetu kwenye programu iondolewe, eti siku hizi hakuna mtu anayefanya kazi kwenye kompyuta yenye saa iliyokufa.

Nimechoka, Seif. Nianzie hapo, nisije nikajifanya.

Unaikumbuka sebule yetu ya Tandika? Biashara ilipofunguliwa na kila kitu kikaanza kushuka bandarini kikiwa kimeshatumika, nguo, friji, magari, kompyuta nazo zikaja. Tulizinunua moja moja, kila moja na ukoo wake, na programu iliyokubali kwenye hii ilikataa kwenye ile. Mama alizifunika kwa vitambaa vya kufuma kama anavyofunika makochi, huku akilalamika kwamba wageni hawana pa kukaa. Ndiyo maana tuliipenda ile programu ya bure tuliyoletewa kwenye disketi. Ilikuwa programu ya kujengea programu nyingine: unaandika msimbo wako, yaani maagizo kwa kompyuta, yenyewe inaujenga uwe programu inayokubali kwenye mashine ya aina yoyote. Ndani yake ilibeba maktaba za msimbo zilizoandikwa na watu wengine, na hizo maktaba ndizo zilizojua tabia za kila mashine. Msimbo wote ulikuwa wazi, mtu yeyote anaruhusiwa kuurekebisha. Tukasema na sisi tumo.

Halafu ukaja mgawo wa umeme. Betri ndogo zinazotunza saa ndani ya zile kompyuta zilishakufa huko huko zilikotoka. Umeme ukikatika, saa inarudi mwaka 1980. Umeme ukirudi unarekebisha kosa lako, unajenga upya, jibu linatoka lile lile la jana. Unarekebisha tena, lile lile. Kumbe programu ilikuwa inalinganisha tarehe: faili ulilolirekebisha likionekana la zamani kuliko kilichokwisha kujengwa, inasema hakuna kazi hapa, inakaa. Sisi hatukulijua hilo. Ulifuta ukaandika, ukafuta ukaandika, mpaka ukaisukuma kibodi, machozi yanakulenga.

"Dada, mie sina kichwa cha hii kazi. Bora nikauze mitumba na wenzangu."

"Kula kwanza," nilikwambia, nikakusogezea sahani ya muhogo.

Mama alishaamua kwamba sebule ina wenyewe, aitwe shehe aisomee. Ni wewe uliyegundua. Ulikuwa unatafuna muhogo, macho kwenye orodha ya mafaili, ghafla ukacheka peke yako. "Dada, njoo uone! Hili faili nimeliandika nikiwa bado naogeshwa uani." Tulicheka mpaka Mama akatoka jikoni kutuuliza kulikoni. Sijawahi kucheka vile tena na mtu yeyote.

Ndipo tukaandika nyongeza yetu, mistari michache ndani ya maktaba inayosoma tarehe za mafaili. Tarehe ikiwa ya zamani kuliko programu yenyewe, usiiamini saa, angalia kilichomo ndani ya faili. Tukaituma kwa wenye mradi ng'ambo, na jibu lao la kwanza lilikuwa swali: kwa nini msinunue betri? Ukawajibu kwa adabu kwamba betri zenyewe zimechomelewa kwenye bodi, na madukani kwetu hakuna anayezijua. Wakakubali. Nilijivunia sana siku ile, kuliko ulivyojua.

Lakini kukubaliwa hakukuwa mwisho wa kazi. Waliokubali ni wenye mradi, si wenye maktaba; kila wenye maktaba wanapotoa toleo jipya, linakuja bila nyongeza yetu, na mtu inabidi airudishe kwa mkono. Tangu uondoke mtu huyo ni mimi. Nairudisha, halafu naijaribu kwenye kila mashine, maana hii inakata majina ya mafaili yakiwa marefu, ile inahesabu muda kwa kuruka sekunde. Nikimaliza napeleka disketi mjini kwenye intaneti, naituma, na hapo wenye maktaba washatangaza jingine. Ni kama kufua nguo, hakuna anayeiona mpaka siku usiyofua.

Umesema hakuna anayeihitaji. Sikutaka kubisha kwa maneno, kwa hiyo nililijaribu toleo jipya bila nyongeza pale ninapofundishia, Mbagala. Umeme ukakatika, ukarudi. Mwanafunzi wangu mmoja, Rehema, alikaa akirekebisha mstari ule ule, na jibu likawa lile lile. Hakulalamika. Alikusanya vitu vyake, akaniaga vizuri tu, akasema nafasi yake nimpe mwingine mwenye akili. Nilimkimbilia hadi barabarani kumweleza kwamba kosa si lake, ni la saa. Sijui kama aliniamini. Hajarudi.

Sikulaumu kwa kwenda, mdogo wangu. Riziki haina mipaka, na Mama anakuombea kila sala. Kilichoniuma ni lile neno "hakuna mtu". Lingeandikwa na mgeni ningelisoma nikapita.

Nyongeza nimeirudisha kwenye toleo hili, na inafanya kazi kwenye mashine zote nilizonazo. Hii ndiyo mara yangu ya mwisho. Mikono yangu imechoka, na moyo umechoka zaidi. Toleo linalokuja ni lako: ama uirudishe wewe, ama uifute kwa mkono wako mwenyewe ukijua unachofuta.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Wenzako watakuuliza dada yako amesema nini, na huko hakuna mwingine wa kuwatafsiria ila wewe. Waambie yote, Seif, na Rehema usimruke.

Ni mimi dada yako,
Mwajuma