Siku Nne za Tunu

Jumatatu, 16 Juni 2025

Ismaily, mhariri wangu wa Dar, kanipigia. Riwaya nzuri, ila sura ya saba haiaminiki. Tunu katishiwa panga na mumewe Jumatatu, anatoroka Ijumaa! Siku nne anangoja nini? Nirekebishe kabla mwezi haujaisha, la sivyo kitabu hakitoki.

Nimenuna mchana kutwa. Kinachoniudhi zaidi — sina jibu. Nilimchelewesha tu ili hadithi inoge.

Jumatano, 18 Juni

Mandawa, kwa shangazi Mwanaima, kumsaidia kukung'uta ufuta. Wanawake watano kwenye turubai moja. Nikawasimulia habari za Tunu, wakacheka! Shangazi akasema huyo mhariri hajalima hata mchicha. Ufuta umeshakatwa, umesimamishwa ukauke — ukiuacha siku mbili tu maganda yanapasuka, wanakula ndege. Jasho la msimu mzima amwachie mwenye panga? Thubutu!

Jibu hilo! Niliruka kwa furaha hadi ufuta ukanimwagikia kichwani.

Jirani yake tu, Sikudhani, hakucheka. Tulipokuwa tunapepeta akaniuliza chinichini: huyo Tunu wako anakimbilia wapi? Mjini, nikamwambia.

"Mjini kwa nani?"

Nikainamia ungo wangu.

"Basi dada, si ufuta peke yake."

Jioni shangazi akanieleza. Hemedy, mume wa Sikudhani, ametamka mbele ya watu kwamba ufuta ukishaingia ndani, mke wake atamtambua. Wazee walikaa kikao, wakamwambia mwanamke avumilie. Kwao Nanganga wazazi wamekufa.

Nimeona aibu. Mimi nanogesha, mwenzangu anahesabu siku.

Ijumaa, 20 Juni

Sura ya saba mpya! Tunu anabaki kwa sababu ya ufuta, na kwa sababu hajui nani atampokea. Nikampa wa kumpokea: mwanamke anayeishi peke yake, Nachingwea, nyuma ya soko, mlango wa bluu, chumba cha uani kitupu. Hapo sikubuni kitu. Mlango ni wangu.

Nimeisoma kwa sauti kwenye simu, nikamtumia shangazi. Amsikilizishe Sikudhani wakiwa wawili tu.

Ismaily naye kajibu: sasa naamini, tena nimemwogopea Tunu. Alhamdulillahi! Ila si yeye ninayemngoja.

Jumatatu, 23 Juni

Shangazi kapiga asubuhi. Sikudhani aliisikiliza mara mbili. Jana kamaliza kukung'uta. Leo kaaga anampeleka mtoto kliniki.

Nimefagia chumba cha uani, nimetandika. Saa nne, kimya. Saa tano — chai imepoa. Siwezi kukaa, naandika nimesimama dirishani. Asipokuja je? Atakuja!

Bodaboda kwenye kona. Mwanamke, mtoto mgongoni, kiroba cha ufuta mkononi. Anautazama mlango wa jirani, wa kijani. Anausogelea wangu. Kainua mkono apige hodi —

Kaushusha. Anaitazama tena bodaboda.

Hapana, mama, usirudi! Nafungua —