Neno Chini ya Hadithi Yetu

Kioko, ndugu yangu,

Nimeketi kukuandikia na tayari nimeinuka mara mbili, kwanza kufunga dirisha, kisha kulifungua lile lile. Tangu tukuzike kule Muthetheni, watu wamepanda mahindi na kuyavuna, na mimi bado sijatulia. Natoka nje kama mtu aliyeitwa. Nafika langoni, hakuna aliyeniita.

Mkeo hajambo. Ameuza yule ng'ombe mwekundu na sasa anamjutia. Binti yako Mwende bado anaendesha tovuti yetu ya katuni kutoka Syokimau, na vijana wa Kangundo wameanza kuweka kazi zao humo. Mmoja hajui kuchora miguu. Watu wake wote wamesimama kwenye nyasi ndefu, kama wako wa zamani. Ungemcheka, halafu ungemfundisha.

Lakini hadithi yetu, Kioko. Wewe ulichora, mimi nikaandika maneno, na Ndanu wetu bado amesimama ukingoni mwa bwawa, mguu mmoja ndani ya tope, maji yamepungua na kuta za nyumba ya baba yake zinachomoza. Chini ya jina la hadithi palibaki maneno uliyoyaandika mwenyewe ulipolazwa: "Imesimama kwa muda. Mchoraji anaumwa." Tulikuzika, na maneno hayakuondoka. Mwende alinipigia simu: "Anko, badilisha wewe. Kazi ya maneno ilikuwa yako." Nikamwambia kesho. Nimeisema kesho hiyo hadi nikaona haya kupokea simu yake.

Unakumbuka tulivyobishana mwanzoni? Mimi nilitaka maneno mazuri, wewe ulitaka yanayoeleweka. Ulisema hayo maneno ya hali ya hadithi ni kibao cha mlango wa duka: nimetoka, narudi, nimefunga, nimehama. "Msomaji asibaki mlangoni akigonga." Tukakubaliana juu ya manne: Inaendelea, Imekamilika, Imesimama kwa muda, Imeachwa. Hilo la mwisho lilikuchekesha mpaka ukamwaga chai. "Imeachwa? Kwani ni bibi ya mtu?"

Nimeyapima yote manne. Inaendelea ni uongo. Imekamilika ni uongo pia, Ndanu hajavuka. Na hukuiacha. Siku ya mwisho niliyokuona uliomba penseli, ukanikemea kwa kukuletea isiyochongwa.

Basi nikaacha yale yaliyokuwepo, nikajiambia ni heshima. Heshima gani? Yaliniruhusu kungoja, na kungoja ni jambo nililolijua tangu utoto. Tulipohamishwa kupisha ujenzi wa bwawa, baba yangu alisema tuko huku kwa muda tu. Akafia kwenye nyumba ya mabati aliyoijenga iwe ya msimu mmoja. Nimezeeka humo humo, vitabu vyangu vyote vikiwa kwenye makatoni. Profesa wa makatoni, ndivyo ulivyoniita mbele ya wageni, na wageni wakacheka, nami nikacheka.

Wasomaji wakaendelea kuuliza. "Niaje wazee, Ndanu anavuka lini?" Mwingine: "Mchoraji apate nafuu, tunangoja." Nilisoma, nikafunga ukurasa.

Kisha nikakutana na Abdi, yule mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuwa akikutania kwamba mbuzi wako wa kuchora wamekonda. Alinishika mkono katikati ya mnada. "Mzee, kila Ijumaa mimi nafungua hadithi yenu, naona mchoraji anaumwa. Kila Ijumaa naomba apone. Amepona ama hapana?"

Nikamwambia umefariki. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka mbele ya mtu ambaye hakuwa mazishini.

Hakukasirika. Aliuachia mkono wangu polepole. "Mzee, mgonjwa iko na dua yake, na maiti iko na dua yake. Wewe umeniacha naomba gani?"

Kioko, kile kibao chako cha duka nilikikumbuka pale pale. Mtu alikuwa mlangoni pako akigonga, kila Ijumaa, na kibao nilikuwa nimekishikilia mimi.

Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye katoni, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu, na nikamtumia Mwende maneno haya: "Haitaendelea. Kioko, aliyeichora, amefariki. Sura zote alizozichora ziko hapa." Akauliza kama tuongeze ua, au mshumaa. Nikakataa. Ungekataa pia. Akayaweka yalivyo, na tukaongeza neno hilo la tano kwa hadithi nyingine zozote zitakazolihitaji: Haitaendelea, na sababu yake.

Abdi alituma ujumbe Ijumaa iliyofuata. "Mzee, leo nimeomba ile yenyewe."

Niliusoma nikiwa nimesimama. Kisha nikakaa.

Pumzika, ndugu yangu. Hakuna atakayemvusha Ndanu kwa mkono mwingine, hilo nakuahidi, na Mwende ameahidi pamoja nami. Nikiandika tena, itakuwa hadithi nyingine yenye jina lake yenyewe. Na nimemwita fundi wa mbao. Alipima ukuta akaniuliza kama nataka rafu ya kubebeka, ya kuhama nayo. Nimemwambia aipigilie ukutani.

Wako,
Profesa, sasa bila makatoni