Saba Mara Nane, Unabisha?

Mpendwa Mama Notburga,

Naomba unishike mkono kabla sijafungishwa virago. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu katika shule moja iliyo njia ya Peramiho, nina mke, Kunegunda, ambaye ni muuguzi hospitali ya misheni, tumejenga vyumba viwili vinavyosubiri milango, na sasa nasikia kwamba nitahamishiwa Lusewa, yaani yeye abaki huku na mimi niende kule, na chanzo cha yote haya, Mama, ni jedwali la kuzidisha.

Darasa langu lina watoto wengi kuliko madawati, na wengi wao walikuwa wakishaitika majina asubuhi wanapotelea kwenye banda la video la Salum, kijana wa Tunduru aliyekuja na jenereta, televisheni na deki, basi wanachungulia kwenye matundu ya mabati picha za ngumi na za vijana wa rapu, na hao waliobaki darasani ukiwauliza saba mara nane wanavua viatu ili wapate vidole vya kutosha, wasio na viatu walikuwa wanatangulia kidogo. Siku moja wakati wa kufagia uwanja nikawasikia wakiimba rapu nzima kutoka Dar, beti kwa beti bila kukosea neno, watoto walewale niliokuwa nimeshindwa kuwakaririsha jedwali la pili, nikasema kumbe vichwa vipo, kasoro iko kwangu na fimbo yangu.

Nikakaa nikatunga. Si unajua huu muziki tunauita wa kufokafoka, basi na mimi nikawatungia hesabu za kufoka:

Saba mara nane, hamsini na sita! Unabisha?
Saba mara tisa, sitini na tatu,
Iulize kalamu, kiulize na kiatu! Unabisha?

Ni ya kitoto, lakini wakaipenda mno, na Salum aliposikia akaja na ile kamera yake ya kurekodia harusi, akawapanga mstari, akasema, "Mwalimu, wakifika kwenye unabisha wanyooshe kidole kwenye kamera, ndivyo wanavyofanya Marekani," nikakubali, kwa sababu Marekani ni mbali na sikudhani itafika hapa. Tukakubaliana kwamba Jumamosi asubuhi anayejua jedwali anaingia bandani kujiona kwenye televisheni, asiyejua anabaki nje, na nakuambia Mama, haikupita muda utoro ukaisha, wakawa wananisubiri mlangoni mimi ndiye mchelewaji.

Sasa Jumamosi moja Mzee Beda, mwenyekiti wa kamati ya shule, alikuwa anamtafuta mjukuu wake Hilda akachote maji, akafunua pazia la banda, na palepale uso wa Hilda ukajaa kwenye kioo, mkubwa kama mlango, kidole kimemwelekea babu yake puani: "Saba mara nane, hamsini na sita! Unabisha?" Mzee akaijibu televisheni, "Nani kabisha, we mtoto?" Banda zima likacheka, na hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Maana baada ya hapo kila mzazi akawa na la kusema. Mama mmoja kamuuliza binti yake kama amefagia, kajibiwa, "Nimefagia, unabisha?" Kwenye mafundisho ya komunyo padre kauliza nani aliyekuumba, mtoto akasema, "Mungu! Unabisha?" Padre hakubisha, lakini alileta habari shuleni. Jumatatu Mzee Beda akaingia ofisini kwa mwalimu mkuu, mimi nipo, amekasirika hata kofia hakuvua. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa hasira, akaketi.

"Mwalimu, mjukuu wangu ananifokea."

"Mzee, hakufokei. Ni muziki tu wa kufoka."

"Kwa hiyo unakiri unawafundisha kufoka."

"Ndiyo. Yaani hapana, mzee. Nawafundisha hesabu, kwa kufoka."

"Kufoka tunafokewa na wake zetu bure. Hakuhitaji mwalimu wa serikali."

Mwalimu mkuu, mama mtaratibu asiyependa makelele, akasema kikao cha wazazi ni Jumamosi ijayo, wazazi wakinikataa yeye atapendekeza nihamishwe, hawezi kugombana na kijiji kwa ajili ya muziki. Mama, nifanyeje, nichome ile kanda nirudi kwenye vijiti vya kuhesabia na fimbo, au nimruke mwalimu mkuu niende moja kwa moja kwa afisa elimu nikajieleze? Watoto wanajua jedwali mpaka la kumi na mbili, siwezi kuwasahaulisha, na mke wangu siwezi kumwacha. Tafadhali usitaje jina langu.

Mimi mwalimu niliyechanganyikiwa,
Songea.

MAMA NOTBURGA ANAJIBU

Mwalimu, vuta pumzi kwanza. Lusewa huendi, labda uende kumsalimia mtu. Jibu hili nilikupelekea kwa dereva wa basi kwa kuwa kikao hakisubiri gazeti, na leo nalichapa kwa faida ya walimu wengine wenye vipaji na haraka kama wewe.

Umeniomba nisitaje jina lako, sijalitaja. Lakini umemtaja mkeo, mwenyekiti wako, mjukuu wa mwenyekiti na mwenye video. Peramiho nzima imeshakujua, nadhani umebaki wewe tu.

Pole kwa yaliyokukuta. Nimesema pole, sasa sikiliza. Umefanya jambo zuri, tena zuri sana. Mtoto aliyekuwa anachungulia kwenye matundu ya mabati sasa anakusubiri mlangoni, nani mwingine shuleni kwako ameweza hilo? Ila umelifanya kama mtu aliyepika chakula kizuri akakitia kwenye beseni la kufulia. Kanda ya watoto wa watu unaionyesha bandani, panapoonyeshwa picha za ngumi, na mzazi hata mmoja hukumwita aje kutazama! Ulitaka wazee wajue habari zao kwa kufunua pazia?

Tena umesomea ualimu lakini neno moja limekushinda. Ninyi vijana mkisema kufoka mnasikia ngoma. Mzee Beda akisikia kufoka anasikia sufuria linalomwagika na mtoto asiye na adabu. Ukamwambia mbele ya mwalimu mkuu kwamba unafundisha hesabu kwa kufoka, ukashangaa amekasirika. Ningekuwa mimi ningevua na kofia nikurushie.

Kwa afisa elimu usiende. Ukimruka mwalimu mkuu, hata ukishinda utakuwa umeshinda mahali ambapo kesho yake huwezi kuomba chaki. Na kanda usichome, Salum ataidai.

Soma tena barua yako mwenyewe, pale ofisini. Mzee ameingia amekasirika, kofia kichwani, amekuja kukumaliza. Ukamwamkia. Akafanya nini? Akaitika! Ameitika kwa hasira, sawa, lakini ameitika, kwa sababu hakuna mzee huku kwetu, hata awe amekasirika namna gani, anayeamkiwa shikamoo na mtoto akaiacha ikaanguka chini. Dawa yako uliishika mkononi ukaitumia kumketisha mzee tu.

Kwa hiyo fanya hivi. Hiyo unabisha itoe yote, usiache hata moja ya kuonjea. Mahali pake weka shikamoo. Mdundo hauharibiki, nimejaribu mwenyewe hapa ofisini nikipiga meza, wenzangu wakadhani naumwa. Kile kidole kikunjwe, mkono uende kifuani, magoti yainame kidogo. Mashairi yako ya kiatu yana nafasi ya kubadilishwa, chukua haya yangu kama huna mengine:

Saba mara nane, hamsini na sita,
Wazazi wetu wote kwa heshima twawaita. Shikamoo!

Jumamosi usiende na televisheni wala hotuba. Nenda na watoto, wasimame mbele kabla ajenda haijasomwa, na Hilda awe wa kwanza. Neno kufoka usilitamke kabisa, sema ni nyimbo za hesabu. Wakishaimba, simama uwaombe wazazi radhi kwa kile kidole, kwa maneno machache, kisha kaa chini. Usijieleze. Walimu mkijieleza jua linazama.

Na umwambie Salum kanda mpya itarekodiwa wazazi wakiwepo, na Mzee Beda akae kiti cha mbele.

Hayo ndiyo niliyompelekea. Sasa someni alichonirudishia kwa basi lilelile.

Anasema Mzee Beda aliingia kikaoni na uso wa kufukuza mtu. Watoto wakaanza. Shikamoo ya kwanza ilipotoka, akina mama wa nyuma wakaitika marahaba bila kufikiri, na mzee alibana midomo, akavumilia, mpaka Hilda alipoinama mbele yake peke yake, ikamtoka: "Marahaba, mama." Kufika jedwali la saba ukumbi mzima unaitika kwa pamoja na miguu inagonga sakafu, na wazee wawili walikuwa wanataja majibu kabla ya watoto. Kufika la tisa mzee akainua mkono: "Jamani, tumeshaamkiana tangu asubuhi, koo limekauka, endeleeni na hesabu tupu." Mwalimu mkuu hakupendekeza kitu, aliuliza tu kama nyimbo za namna hiyo zinaweza kutungwa za darasa la nne. Kunegunda ameshaagiza milango.

Kisha, anasema Mwalimu, mzee akasimama kufunga kikao. Akavaa kofia, akawatazama watu wote, akamgeukia yeye, akamnyooshea kidole puani:

"Mwalimu huyu anabaki. Kikao kimefungwa. Unabisha?"

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa tena, na Mwalimu ananiuliza kwa dhati kabisa sasa hapo yeye amjibu nini.

Usimjibu, Mwalimu. Mwamkie.