Mama Yangu wa Kivilampi

Mpendwa mama Helmi,

Ninakuandikia kwa Kiswahili, lugha ambayo hukuijua zaidi ya neno "asante", na hilo ulilivuta kana kwamba lina kilima katikati. Najua hutaisoma. Lakini wewe ulinizungumzia Kifini kiangazi kizima bila kujali kwamba sielewi, ukinipa habari za ng'ombe, za mvua na za majirani, nami nikaitikia kwa kichwa. Leo ni zamu yangu. Tena wenzangu wengi tuliotoka Tanga na Mombasa tukaja kufanya kazi hapa Birmingham hawaamini ninaposema nilikuwa na mama Ufini. Acha nao wasikie.

Nilikuwa mwaka wa pili wa mafunzo ya uuguzi. Mimi na binti yako Aino, mwanafunzi mwenzangu, tulipanga chumba kimoja Selly Oak, katika nyumba ya ngazi zinazolia na jiko moja la gesi la kugombania. Telegramu ilipokuja ilisema mama yangu amefariki na amekwisha kuzikwa. Kwetu maiti halazwi. Alikata roho asubuhi, alasiri akawa kaburini. Bi Rukia, mama wa Kimombasa aliyetulea sote hapa mjini, alikuja na wenzake wakanisomea khitima, wakapika, wakalia nami, kisha kila mtu akarudi kwenye shifti yake. Nikabaki na jambo ambalo sikuweza kumwambia mtu. Mimi ndiye binti yake pekee, na mimi ndiye niliyepaswa kumuosha. Aliondoka kwa mikono ya watu wengine.

Nikaendelea kwenda wodini, nikifunga vidonda na kutandika vitanda. Aino aliniangalia tu, maana nyinyi watu wa Kivilampi hamna haraka ya maneno. Likizo yake ilipokaribia akaniambia, "Mimi naenda nyumbani. Twende wote."

"Nikafanye nini huko?"

"Hakuna cha kufanya. Ndiyo maana."

Bi Rukia aliposikia alishika kiuno. "Wewe Zuhura, una msiba halafu waenda holiday? Tena kwa watu wa barafu?" Hata hivyo ndiye aliyetusindikiza kituo cha mabasi cha Digbeth, akanikabidhi mahamri ya njiani yaliyofungwa kwa kitambaa.

Tulipanda basi, meli, treni, meli tena, treni tena, na mwisho basi dogo lililokuwa likisimama kwenye kila kibanda cha kukusanyia maziwa ya ng'ombe. Wewe ulisimama barabarani na buti za mpira. Ulinipa mkono, ukasema "Suhura," kwa kuwa herufi z yetu haikukubali kinywani mwako, ukachukua sanduku langu mwenyewe ukatangulia. Nilidhani hukunipenda. Kumbe jikoni kulikuwa na kikaango kipya juu ya jiko, na samaki wadogo wa ziwani wamepangwa tayari. Aino akanitafsiria: "Mama anasema hiki hakijawahi kugusa nguruwe wala hakitagusa. Ni chako."

Mama, sijawahi kukwambia nilivyojisikia nilipokila kile chakula. Ilikuwa mara ya kwanza tangu telegramu ile nisikie ladha ya kitu.

Watu huniuliza Kivilampi ni mahali gani, nami hushindwa pa kuanzia. Aino alisema jina lenyewe ni ziwa dogo la mawe. Mawe niliyaona: kila shamba lilikuwa na lundo lake pembeni, yaliyong'olewa na babu zenu kwa mikono. Palikuwa na kanisa la mbao, duka la ushirika, kiwanda kidogo cha maziwa, shule ya madarasa mawili, na nyumba ya njano ambayo ndiyo ilikuwa ofisi ya halmashauri. Karani wake alifunga mlango akaenda kuvuna nyasi hali ya hewa ilipokuwa nzuri, na hakuna aliyelalamika. Misitu ilikuwa mingi kuliko watu. Tulipotembea ulininyooshea kidole nyumba moja moja zilizopigiliwa mbao madirishani, ukisema, "Ruotsi, Ruotsi." Neno hilo nilijifunza haraka: Sweden. Vijana walikuwa wamekwenda kwenye viwanda vya huko. Nikakumbuka kwetu, jinsi nami nilivyofunga sanduku langu, nikajua mama yangu naye alikuwa akiwaonyesha watu mlango wa chumba changu.

Dukani siku ya kwanza watu wote walinigeukia. Yule mama muuzaji akanitazama kuanzia viatu hadi kilemba, kisha akamuuliza Aino swali moja refu. Nikajiandaa kuumia. Aino akacheka. "Anauliza kama kwenu mbu ni wabaya kama wa hapa."

"Mwambie wa hapa ni wakubwa, lakini wa kwetu wana malaria."

Ilipotafsiriwa, duka zima likaitikia kwa kichwa kwa heshima, na toka siku hiyo nilikuwa mtu wa kusalimiwa.

Jumamosi moja ulivaa nguo yako nzuri, ukachuma maua, ukatuita. Tukaenda kwenye makaburi ya kanisani, lakini hukusimama kwenye kaburi lolote. Ulikwenda hadi kwenye jiwe kubwa ukutani, ukaweka nusu ya maua. Ndipo Aino aliponieleza kwamba wewe hukuzaliwa Kivilampi. Kwenu kulikuwa mashariki, katika ardhi iliyochukuliwa na Urusi baada ya vita, na mama yako amezikwa huko, ng'ambo ya mpaka usioruhusiwa kuuvuka. "Wote wenye kaburi wasiloweza kulifikia huleta maua yao hapa," alisema.

Ukanipa nusu iliyobaki. Ukasema kitu, naye Aino akatafsiri. "Anasema la mama yako pia liko mbali. Na jiwe hili halichagui."

Mimi Mwislamu, na lile lilikuwa jiwe la kanisa. Nikasitasita. Wewe ukarudi nyuma, ukageuka kutazama ziwa, ili niwe peke yangu. Niliweka maua, nikafungua viganja, nikasoma Fatiha. Kisha nikalia kwa sauti, kama wanavyolia kwetu, pale mahali ambapo watu hawalii. Ulikuja ukanishika. Nikasema, "Sikumuosha, mama." Aino akatafsiri, nawe ukajibu polepole, naye akanigeuzia: "Mimi nilikuwa nakimbia vita na mtoto mgongoni. Mama yangu alioshwa na jirani. Jirani yule nilimshukuru kila siku mpaka nikaacha kujilaumu. Nawe mshukuru aliyemuosha wa kwako."

Nilipotoka Kivilampi nilimwandikia Mwanamvua, jirani yetu wa Tanga aliyemuosha mama, nikamshukuru. Kumbe mwenyewe alikuwa akingoja kuniambia mama alivyoonekana mtulivu.

Miaka ikaenda. Aino alirudi kwenu kuwa muuguzi wa halmashauri, mimi nikaolewa tukahamia Castle Vale, hapa hapa Birmingham, ghorofa ya juu yenye upepo. Ulinitumia soksi za sufu kila mwaka, na mimi nikakutumia khanga uliyoifanya pazia.

Halafu majira haya ya baridi Aino akapiga simu kusema umetutoka. Nilipomaliza kulia nikamuuliza kama nimeshachelewa. Akasema, "Huku tunangoja watu wafike. Njoo. Hatujamgusa."

Tulikuosha sisi wawili kwa maji ya uvuguvugu, Aino kushoto, mimi kulia. Nilikunawisha vidole kimoja kimoja, nikakuchana nywele. Nje theluji ilifika dirishani.

Siku ya mazishi nilikaa benchi la nyuma, na wageni. Shemeji yako Veikko, mzee ambaye sikuwahi kumsikia akisema, akaja taratibu na fimbo yake, akanishika kiwiko, akanipeleka mbele, akaniketisha kati yake na Aino. Akasema neno moja: "Tänne." Hapa.

Asante, mama, kwa nchi yenye mawe na watu wachache walionipa nafasi ya kukaa. Mungu akupe mapumziko mema upande usio na mpaka.

Ndimi binti yako,
Zuhura