Linda ya Kizulu

Durban, Jumapili

Mama Amani wangu,

Pokea salamu nyingi, wewe na watoto. Homa ya Amani imeisha? Na mguu wa mama yako, sasa anafika kanisani bila fimbo? Niambie yote, hata mabaya. Mimi roho imechoka, na leo sitakuficha.

Nilikuambia nimepata kazi ya bustani kwa mzee mzungu huku Morningside. Sikukuambia kwamba huyo patron wangu ni mwindaji. Miguu imezeeka, basi amenunua bunduki nyepesi ya kupanda nayo milimani. Risasi za dukani hataki. Anakaa gereji anajijazia mwenyewe, hizi baruti kidogo, zile zaidi kidogo, kisha Jumamosi tunaenda uwanja wa shabaha nje ya mji kuona bunduki inapenda zipi. Kila aina ina karatasi yake, anapiga tatu. Matundu yakitawanyika anatukana, yakikaribiana anaimba. Mimi nabandika karatasi na kuzileta.

Mimi niliyekimbia Uvira sababu ya milio ya bunduki! Kila ikilia najikunja kama mtoto. Patron anacheka, "Eish, unasikia baridi?" Naendelea kubandika, juu kazi nyingine iko wapi?

Jana baada ya risasi mbili alisimama kunyoosha bega, maana bunduki nyepesi inapiga teke vibaya. Nikadhani amemaliza, nikaenda kwenye karatasi. Nyuma yangu mlinzi wa uwanja, Mzulu, akapiga kelele, "Linda! Linda!" Mbele karatasi moja ilikuwa inabanduka kwa upepo. Nikasema, aa, anataka niilinde isiruke. Nikakimbia, nikaikumbatia kwa mikono miwili. Kumbe linda ya Kizulu ni ngoja! Patron alikuwa amesharudi kwenye bunduki, masikio ameyaziba, na darubini yake inamwonyesha karatasi moja tu, ile ya pembeni yangu. Akapiga. Nikaanguka chini, ingawa risasi haikunigusa.

Akaja mbio na uzee wake. Mama Amani, aliangalia karatasi kwanza. Matundu matatu yamegusana. "Ndizo risasi zetu hizi! Tumezipata!" Ndipo akaniona, akaniomba msamaha mpaka machozi. Si mtu mbaya, sikatai. Lakini karatasi kwanza.

Jumamosi anataka twende tena kuhakikisha. Nikikataa, sina kazi wala pa kulala, maana nalala gereji yake. Najua ulisema nisirudi, nikazane mpaka niwalete nyinyi huku. Nimeshindwa, mke wangu. Nakuomba ruhusa nirudi. Milio huko bado iko, najua. Lakini huko ikilia tunalala chini sote, mkono wangu juu ya kichwa chako. Hapa nilianguka peke yangu.

Nisalimie mama mkwe, shangazi yangu muuza samaki wa ndagala, na mchungaji aliyetufungisha ndoa. Barua hii naipiga picha nimtumie shemeji Bahati, fundi viatu, akuletee. Nijibu kabla ya Jumamosi. Neno moja linatosha: rudi.

Mume wako,
Baba Amani