Baba Yako Ameleta Ngozi

Karatu Mjini,
20 Novemba 2022.

Mpendwa ndugu yangu Yohani,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Uholanzi, wewe na mkeo na mtoto ambaye bado hatujamwona. Tunasikia baridi ya huko imeshaanza. Kifua chako kikoje? Mama yako huuliza habari za kifua chako kabla ya mengine yote, nami humjibu kwamba kimepona, ingawa sijui majibu hayo nayatoa wapi. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Witness na watoto ni wazima. Mvua za vuli zimechelewa mwaka huu, zimenyesha mara mbili tu, lakini wingu lipo.

Najua utashangaa kuona karatasi. Nimekutumia jumbe kumi na moja kwenye simu, na zote zinaonyesha umezisoma. Barua hii nimempa mtalii wa huko kwenu niliyemshusha Kreta kuona wanyama juzi, amekubali kuitia posta akifika. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Huo mshindo wako nimeusubiri mpaka masikio yameniuma.

Nianze mwanzo, maana naona mengi umeyasahau. Mwaka jana, wageni walipokatika kwa sababu ya korona na mimi nikawa naosha gari ambalo haliendi popote, ulinipigia ukanieleza habari za kuchimba sarafu za mtandaoni. Ulisema umeme wa huko ni ghali, wa kwetu una nafuu, na baridi ya Karatu itazipoza mashine bure. Ulinunua kadi nne za grafiki, zile za kompyuta zinazofanya uchimbaji wenyewe, ukazituma. Mbili ulinitumia fedha nizitafute Arusha.

Zile mbili nilizichagua kama ninavyochagua dume mnadani. Muuzaji alinipa kwanza iliyong'aa kuliko zote, nikaikataa, kwa kuwa kadi iliyotumika ikioshwa mpaka ikang'aa kuna kitu kinafichwa. Niliangalia skrubu kama zimeguswa na bisibisi, nikaizungusha feni kwa kidole nisikie kama inakwaruza, nikainusa kama ina harufu ya kuungua, kisha nikamwambia aiwashe nusu saa nikiwa nimesimama pale pale. Alinitukana kimoyomoyo, nilimwona. Lakini kadi zile hazikuwahi kutusumbua hata siku moja.

Na kuzirekebisha nilijifunza, Yohani, tena nilijifunza vizuri kuliko ulivyonifundisha. Wewe ulinipa namba moja ya kuziwekea zote. Mimi nikaona kila kadi ina tabia yake. Kadi ikija inakula wati mia mbili na ushee. Nikiishusha hadi mia na thelathini, nikapunguza kasi ya moyo wake na kupandisha kasi ya kumbukumbu yake, ilichimba vile vile na joto likapungua. Moja yenye kovu ubavuni haikutaka kumbukumbu ipande sana. Ukiisukuma inaleta kazi mbovu, na kazi mbovu hailipwi. Nilikaa nayo siku nne, napandisha kidogo, naangalia, nashusha. Niliipenda kazi ile. Nalisema hilo bila aibu, kwa sababu tangu nianze kuendesha watalii hakuna kazi iliyonitaka niifikirie namna hiyo.

Aliyesema kadi zigawanywe ni baba yako. Alikuja kwangu, akaziona zote sita zimepangwa chumba kimoja, akatikisa kichwa. "Mali ya mtoto haikai zizi moja," akasema. "Ugonjwa ukiingia unamaliza zote." Nilicheka, ila nikaona ana hoja, maana umeme wa mtaani kwetu unakatika kuliko wa vijijini. Basi mbili zikabaki kwangu, mbili zikaenda Daa kwa shangazi Sabina, na mbili baba yako akazibeba mwenyewe hadi nyumbani kwake Qurus. Mimi nikawa naziangalia zote kwa simu.

Hapo ndipo tulipokosea, na lilikuwa kosa letu sisi Wairaqw, mtu mwingine asingelifanya. Baba yako, baba mdogo wangu, alizipokea kadi zako kama mtu anavyopokea ng'ombe wa kutunzia ndugu yake. Utakuwa umesahau na hilo. Mtunzaji anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na mwenye ng'ombe haingii kwenye boma la mwenzake kukagua, maana kukagua ni kumwita mwizi. Ng'ombe akifa, mtunzaji humpelekea mwenyewe ngozi iwe ushahidi kwamba hakumuuza wala hakumla, na mwenyewe akisema amepokea, shauri limekwisha. Mimi nilikwenda Qurus mara mbili tu mwaka mzima. Nilikunywa chai, nikaulizia hali ya mashine kama tunavyoulizia hali ya mtu, nikaondoka bila kufungua mlango wa chumba chake. Nilikuwa namheshimu baba yako. Heshima ile ndiyo iliyotugharimu.

Na maziwa aliyapata. Maziwa ya mashine yalikuwa joto lake. Julai kwa baridi ile ya Qurus walihamishia kitanda chumba cha mashine, na mama yako akawa anaanika maharagwe kando yake. Baba yako aliniambia magoti yameacha kuuma. Alifurahi kweli. Kila jirani aliambiwa kwamba Yohani amempelekea jiko lisilo na moshi.

Sasa Agosti. Unakumbuka ulichoniandikia? Ilishatangazwa kwamba ile sarafu kuanzia Septemba haitahitaji wachimbaji tena. Ukaniandikia, "Zimebaki wiki chache, zifungulie zote, tukamue mpaka tone la mwisho." Nilijua faida yake ni kiduchu, kwa sababu nilishapima mwenyewe: wati zinapanda, joto linapanda, mapato yanajikongoja. Nilitakiwa kukukatalia. Sikukataa. Nilikaa kitandani kwangu nikabonyeza simu, na kadi za Qurus zikarudi kula mia mbili na ushee, kwa waya wa ekstensheni wa bei ya chini ambao tangu Machi nilikuwa nasema nitaubadilisha. Dhambi hiyo ni yangu na yako, tugawane.

Na lingine ni langu peke yangu. Nilikuwa nimemwambia mama yako kwamba ugonjwa mkubwa wa mashine ni vumbi. Unalijua vumbi la Agosti. Sikumwambia kwamba mashine inapumua, niliona hilo kila mtu analijua. Jumamosi ile walikwenda kwenye jumuiya, upepo ulikuwa mkali, na mama yako kabla ya kutoka akaifunika mashine kwa blanketi, vizuri, pembe zote nne.

Mimi nilikuwa chini Kreta na wageni, na kule simu haishiki. Tulipopanda na kufika Lodoare, geti la kutokea, simu ikaanza kulia mfululizo. Joto themanini. Joto themanini na nane. Kisha mashine haipatikani. Kisha jirani yao, kisha jirani mwingine. Saa kumi nilipofika Qurus watu walikuwa bado wanamwaga maji kwenye mabati yaliyolala chini. Kadi zenyewe hujizuia zikizidi joto, ni ule waya ulioyeyuka chini ya blanketi. Nyumba yote imekwisha, Yohani. Mahindi, mbegu za mbaazi, vitanda, nguo. Ile picha yako ya kumaliza chuo. Watu hawakuumia, tumshukuru Mungu.

Nilikuandikia jioni hiyo hiyo. Jibu lako ninalo hadi leo kwenye simu: "Kadi ngapi zimepona?"

Nimelisoma mara nyingi nikitafuta namna ya kulielewa. Labda uliandika kabla hujamaliza kusoma. Labda ulishtuka. Ila baada ya hapo hukuandika tena, na hapo ndipo moyo wangu ulipokuwa mchungu juu yako, na sitakuficha, bado ni mchungu.

Siku ya tatu baada ya moto baba yako alikuja kwangu kwa miguu kutoka Qurus. Alikuwa na kiroba begani. Alikataa chai, alikataa kiti. Akatoa kadi zote mbili zilizoungua, feni zimeyeyuka zimekuwa kama nta, akaziweka mezani. Alikuwa amezichimbua kwenye majivu kwa mikono. Vidole vilikuwa vimebabuka.

"Emilian, ngozi hizi hapa," akasema. "Mwambie mwenye mali, imefia mikononi mwangu. Sikuiuza wala sikuila."

Nililia mbele yake. Mtu aliyeunguliwa na nyumba, kwa mashine yetu, kwa ujinga wetu, anakuja kunithibitishia mimi kwamba si mwizi. Nikamwambia, "Baba mdogo, yamekwisha." Akaniangalia kwa upole kabisa. "Wewe si mwenye mali," akasema. "Asubiriwe mwenyewe aseme amepokea."

Kwa hiyo tukakusubiri. Jumuiya ilichanga mabati. Vijana wa Qurus walikata nguzo wakazipanga kiwanjani. Baba yako hakuruhusu hata shimo moja lichimbwe. Alisema mtu mwenye shauri la mali ya watu hajengi, kwa sababu nyumba hiyo itasemwa. Mama yako tulimleta huku mjini, akawa anakaa kwangu. Baba yako alikataa kutoka, akawa analala kiwanjani chini ya turubai, umri ule, magoti yale. Septemba yote. Oktoba yote. Alichokuwa anahitaji kutoka kwako ni neno moja, na neno halilipiwi umeme.

Nilikuwa nawadanganya. Nilisema Yohani amelia sana, anashughulikia ruhusa kazini, simu yake imeharibika. Shangazi Sabina hakuniamini hata siku moja. Yeye aliposikia habari ya moto alizima mashine yake palepale, akaipandisha juu ya kabati na kuitandikia kitambaa cha kufuma, na haruhusu mtu aiguse. Ukizitaka kadi zako mbili, zungumza naye mwenyewe, mimi simwezi. Mbili zangu pia zimezimwa. Basi jibu la swali lako ni nne.

Wiki iliyopita mvua ya kwanza ilishuka na turubai likachanika. Kesho yake, Alhamisi, nilinunua laini mpya ya simu. Nikasimamisha gari kando ya barabara ya Mang'ola, nikampigia baba yako. Tangu utoto wetu watu wanachanganya sauti zetu, na masikio yake hayako kama zamani.

"Baba, ni Yohani," nikasema.

"Yohani yupi?"

"Wa kwako, baba."

Akauliza kama ngozi ilinifikia. Nikasema, "Nimeipokea, baba. Shauri limekwisha. Jenga." Nilisikia anavua kofia, au anakaa, sijui, kulikuwa na mchakacho. Halafu akaanza kubariki kwa Kiiraqw, ile baraka ndefu ya wazee ambayo sijaisikia tangu babu afe. Alikuombea wewe, akamwombea mkeo, akamwombea mtoto kwa jina, akawaombea ng'ombe ambao huna. Nami nilikuwa naitikia kila alipovuta pumzi, kama inavyotakiwa, na magari yakinipita.

Alipomaliza alimpa simu mama yako, ambaye siku hiyo alikuwa amempelekea chakula. Baba yako haangalii namba. Mama yako huangalia, na namba ilikuwa ya hapa hapa nchini.

"Umekula?" akaniuliza.

"Nimekula, mama."

"Haya," akasema, akakata.

Ijumaa mashimo yalichimbwa. Ukuta mmoja umeshasimama, na baba yako anatembea kiwanjani akiwafokea vijana kwamba wanapinda nguzo. Mama yako tangu Agosti alikuwa ananiuliza kila jioni, nikivua viatu mlangoni, kama umepiga. Tangu Alhamisi hajaniuliza.

Nakuandikia ili ujue uliyoyasema, usije ukaniharibia. Umesema umepokea. Umesema shauri limekwisha. Umesema ajenge. Sikuahidi kwa jina lako kuja, wala fedha, wala kitu kingine. Ukiwapigia siku moja, usiseme hii ni mara ya kwanza. Na usinishukuru. Baraka ile ilikuwa yako, nimeipokea mimi, na sijui namna ya kukutumia.

Witness anakusalimu, pamoja na shangazi Sabina, ambaye salamu zake nimezipunguza makali. Msalimie sana mkeo, umbusu mtoto kwa niaba ya babu na bibi yake. Mungu akutunze huko uliko, na huo moyo wako aushike mkononi kidogo.

Ni mimi kaka yako, ambaye bado anakupenda, ila kwa shida,
Emilian.